Namba Kwanza, Jina Baadaye: Kumtafuta Babu Aliyekuwa Askari wa Ufaransa

Anayetaka kujua habari za babu yake aliyeitumikia Ufaransa vitani huanza, karibu kila mara, kwa kuandika jina la ukoo kwenye kisanduku cha kutafutia mtandaoni. Akiwa wa ukoo wa Traoré, Diarra au Coulibaly, hupata majina mengi mno asijue ashike lipi. Akiwa wa ukoo mdogo hapati hata moja, naye huamua kwamba babu hakuandikwa popote. Uamuzi huo wa pili ndio unaoponza wengi, kwa maana jeshi la wakoloni liliandika sana, ila halikuandika kwa ajili ya wajukuu. Liliandika ili lijue nani alipwe, nani alishwe, nani avishwe na nani amepungua kwenye safu, na kwa kazi hiyo jina halikutegemewa hata kidogo. Kilichotegemewa ni namba ya usajili na kikosi. Kwa hiyo ushauri wangu, ambao nitautetea hapa chini, ni kwamba utafute namba, kisha kikosi, na jina uliache liwe la kuthibitishia tu.

Angalia askari hao walivyopatikana. Jeshi la Tirailleurs Sénégalais liliundwa kwa amri ya mwaka 1857, gavana wa Senegal akiwa Louis Faidherbe. Mwaka 1910 afisa wa jeshi Charles Mangin alichapisha kitabu chake cha kuitetea hoja ya kuleta Waafrika kupigana Ulaya, na vita vilipoanza 1914 hoja hiyo ikawa sera. Hadi 1918 watu wanaokaribia laki mbili walikuwa wameandikishwa katika Afrika Magharibi ya Kifaransa, na takriban 30,000 hawakurudi. Wengi hawakujitolea. Mtawala wa wilaya alipewa idadi, akaigawa kwa machifu, na chifu akatafuta vijana wa kujaza idadi hiyo. Aliyekuwa na watumwa au wategemezi nyumbani alitoa hao kwanza, na mara nyingine kijana alipelekwa kwa jina la mwenzake aliyefichwa. Mbele ya meza ya uandikishaji alikaa karani aliyeandika kwa herufi za Kifaransa sauti alizosikia kutoka kwa mkalimani, ambaye naye huenda hakuijua lugha ya kijana yule. Kwa hiyo ndugu wawili wa baba mmoja wanaweza kukutwa na majina ya ukoo yanayoandikwa tofauti. Umri ulikadiriwa kwa kumtazama mtu, ndiyo maana nyaraka zimejaa maneno *né vers*, yaani alizaliwa kama mwaka fulani. Jina la kusikia, umri wa kukisia, na pengine mtu mwenyewe ni mbadala: hivyo vitatu ndivyo tunavyovitumia kumtafutia babu, halafu tunashangaa hapatikani.

Neno "Sénégalais" nalo linapoteza wengi. Lilikuwa jina la jeshi, halikumaanisha nchi ya mtu. Askari wengi walitoka maeneo ambayo leo ni Mali, Burkina Faso, Guinea, Cote d'Ivoire, Benin na Niger. Mipaka nayo ilihama. Aliyezaliwa karibu na Ouagadougou akaandikishwa 1916 atakutwa chini ya koloni la Haut-Sénégal-Niger, kwa kuwa Haute-Volta, Burkina Faso ya leo, iliundwa 1919. Koloni hilo jipya likavunjwa 1932 na kugawanywa kwa majirani, kisha likarudishwa 1947. Kijiji kimoja kinaweza basi kuonekana katika makoloni matatu bila mtu yeyote kuhama. Kabla ya kutafuta chochote, chukua ramani ya zamani na uandike kijiji cha babu kilikuwa katika *cercle* gani, yaani wilaya ya kikoloni, kwa kila kipindi cha utumishi wake. Ni kazi ya jioni moja, nayo huokoa miezi.

Baada ya ramani, anza nyumbani, lakini kwa maswali mengine. Wazee wakiulizwa "babu alipigana wapi?" hujibu "Verdun", kwa sababu Verdun ndiyo inayojulikana. Waulize alikwenda kupokea pensheni mji gani, nani wa kijiji walikwenda pamoja, aliondoka kabla au baada ya njaa kubwa ya 1913 na 1914 katika ukanda wa Sahel, na karatasi zake alizificha wapi. Karatasi ndiyo mali. Kijitabu cha jeshi, kadi ya mpiganaji wa zamani, cheti cha nishani, hata risiti iliyochakaa ya malipo, mara nyingi vina namba ya usajili.

Ikiwa kuna picha tu, isome kwa kioo cha kukuza. Tazama kola: tarakimu zilizoshonwa hapo huonyesha kikosi, na nanga ni alama ya majeshi ya makoloni. Tazama mikono ya koti: katika Vita ya Kwanza, mistari iliyopindwa kwenye mkono wa kushoto ilihesabu muda wa kuwa mstari wa mbele, wa kwanza ukiwa wa mwaka mmoja na kila uliofuata wa miezi sita, na ile ya mkono wa kulia ilihesabu majeraha. Picha yenye mistari mitatu kushoto basi inakwambia kwamba mtu yule alikwishamaliza miaka miwili mstari wa mbele, habari ambayo pengine hakuwahi kuwasimulia wanawe. Jihadhari tu na picha iliyogeuzwa wakati wa kusafishwa. Vifungo vya koti vitakuonyesha upande wa kweli.

Ikiwa babu alikufa vitani, fungua tovuti ya wizara ya majeshi ya Ufaransa iitwayo Mémoire des hommes. Humo zimo kadi zaidi ya milioni 1.3 za waliokufa katika Vita ya Kwanza, pamoja na orodha za vita vilivyofuata, na kuzisoma ni bure. Kadi moja ni karatasi ndogo, nusu ikiwa imepigwa chapa na nusu imeandikwa kwa mkono. Wengi husoma jina na tarehe ya kifo, kisha wakafunga. Wewe isome kutoka mstari wa tatu kushuka. Cheo. Kikosi, kwa mfano batalioni fulani ya Tirailleurs Sénégalais. Namba ya kikosini, halafu chini yake namba ya uandikishaji na mahali ilikotolewa. Hizi ni namba mbili tofauti: ya kwanza huweza kubadilika mtu akihamishwa, ya pili hubaki pale alipoandikwa. Zinakili zote mbili. Kisha soma aina ya kifo. *Tué à l'ennemi* ni kuuawa na adui, *suites de blessures* ni kufa kwa majeraha, *maladie contractée en service* ni ugonjwa uliopatikana kazini, na *disparu* ni kupotea. Mwisho, chini kabisa, kuna mahali pa kuandika hukumu ya mahakama iliyothibitisha kifo na mji kilikosajiliwa. Mstari huo husahaulika, nao ndio unaokupeleka kwenye waraka unaofuata.

Tuchukue kadi ya namna inayopatikana sana: mtu amekufa La Teste, mkoa wa Gironde, Januari 1917, kwa ugonjwa. Anayefuata jina ataishia hapo na kusema babu aliugua. Anayefuata mahali na kikosi ataona zaidi. La Teste ilikuwa na kambi ya Courneau, ambako batalioni za Waafrika zilipelekwa tangu 1916. Jeshi liliziondoa mbele wakati wa baridi na kuzilaza kusini, Fréjus na huko Gironde, kwa hoja kwamba hali ya hewa ni ya upole. Courneau palikuwa na unyevu, na nimonia iliua kwa mamia. Katika makaburi ya Natus yaliyo karibu wamezikwa Waafrika zaidi ya 900. Kifo kama hicho kilisajiliwa pia katika daftari la vifo la manispaa, na daftari hizo za mwanzo wa karne ya 20 ziko katika hifadhi ya nyaraka ya mkoa, nyingi zikisomeka mtandaoni. Cheti cha manispaa huweza kuongeza yale ambayo kadi haina: hospitali, saa ya kifo, pengine majina ya wazazi. Huyo ni babu yuleyule ambaye utafutaji wa jina ulimwacha kwenye neno moja, "ugonjwa".

Kikosi kina faida nyingine. Kila batalioni iliandika shajara ya kila siku ya safari na mapigano, na shajara za 1914 hadi 1918 zimo katika tovuti hiyohiyo. Askari wa kawaida mara nyingi hawatajwi humo. Maofisa wa Kizungu huandikwa kwa majina, Waafrika kwa hesabu. Hilo linaudhi, na ni haki liudhi. Lakini ukiijua batalioni na tarehe, shajara itakwambia saa waliyotoka kwenye handaki, mvua ilinyesha au haikunyesha, walirudi wangapi. Aliyekufa tarehe 16 Aprili 1917 katika batalioni iliyokuwa Chemin des Dames ana hadithi unayoweza kuifuata takriban saa kwa saa, hata kama jina lake halimo kwenye ukurasa hata mmoja.

Hapa msomaji atanipinga: yote haya ni ya waliokufa, na wengi walirudi. Ni kweli, na ndilo pengo kubwa la tovuti hizi. Aliyerudi mzima hana kadi ya kifo. Kwake yeye fuata jalada la utumishi, kisha pesa. Majalada ya askari wa kawaida hutunzwa katika kituo cha nyaraka za wanajeshi kilichoko Pau, na ya maofisa katika ngome ya Vincennes nje ya Paris. Vyote ni vya idara ya historia ya jeshi, inayojulikana kwa kifupi SHD. Aliyetekwa ana njia nyingine. Shirika la Msalaba Mwekundu la Geneva limeweka mtandaoni orodha za mateka wa Vita ya Kwanza, na kwa mateka wa Vita ya Pili uliza kituo cha SHD kilichoko Caen. Kumbuka kwamba baada ya 1940 Wajerumani waliwaweka wengi wa mateka Waafrika ndani ya Ufaransa yenyewe, katika kambi zilizoitwa Frontstalag; Léopold Sédar Senghor alikuwa mmoja wao. Kumtafuta mtu kama huyo kwenye kambi za Ujerumani ni kupoteza wakati.

Waraka ninaouthamini kuliko wote kwa ajili ya nasaba, hata hivyo, ni jalada la pensheni. Jeshi halikujali mama wa askari aliitwa nani, lakini mlipa pensheni alijali sana mjane ni yupi. Ili alipwe, mwanamke alipaswa kuthibitisha ndoa yake na watoto wake katika nchi ambako ndoa nyingi hazikuwa zimesajiliwa. Akaenda mahakamani na mashahidi, na hakimu akatoa *jugement supplétif*, hukumu inayosimama badala ya cheti kisichokuwepo. Ndani yake mna majina ya mashahidi, kijiji, watoto kwa mfuatano, wakati mwingine hata wake wenza. Hukumu hizi hutafutwa katika nyaraka za mahakama na za usajili wa raia za wilaya husika, huko Mali, Burkina Faso au Guinea, si Paris. Mabishano ya pensheni nayo yalizaa karatasi. Sheria ya Desemba 1959 ilianza kugandisha malipo ya waliotoka nchi zilizojipatia uhuru, wakati wenzao Wafaransa wakiongezewa. Mwaka 2001 baraza kuu la mahakama za utawala la Ufaransa lilimpa haki askari wa zamani Msenegali katika kesi ya Diop, na usawa kamili ulifika 2011. Katika miaka hiyo yote askari na wajane waliandika barua, wakaambatanisha vyeti, wakajaza fomu za kuthibitisha kwamba wangali hai. Dhuluma hiyo imewaachia wajukuu jalada nene.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwa nini tuamini nyaraka za mkoloni? Jibu langu ni kwamba tusiziamini zote sawasawa. Zina usahihi pale ambapo serikali ingepata hasara kwa kukosea, kama vile mishahara, posho, bunduki na uhamisho. Zinalegea pale ambapo kukosea hakukuigharimu kitu, kama majina, umri na kabila. Na zinapotosha pale ambapo ukweli ungeiaibisha. Thiaroye ni mfano wa aina hiyo ya tatu. Tarehe 1 Desemba 1944, karibu na Dakar, jeshi la Ufaransa liliwapiga risasi askari Waafrika waliokuwa wametoka kifungoni na kudai malimbikizo yao. Taarifa rasmi ilisema waliokufa ni 35. Wanahistoria wanaikataa hesabu hiyo, na hata idadi ya waliopanda meli kutoka Morlaix inabishaniwa hadi leo. Mwaka 2024 Ufaransa iliwatambua sita kuwa walikufa kwa ajili yake, kisha rais wake akakiri kwa barua kwamba yalikuwa mauaji ya halaiki. Ikiwa nyumbani kwenu husemwa kwamba babu alirudi kutoka Ulaya akafia Dakar mwishoni mwa 1944, usikubali kunyamazishwa na ukimya wa jalada. Hapo masimulizi ya ukoo yana nguvu kuliko karatasi, na kazi yako ni kuyaandika kwa tarehe na majina ya waliosimulia.

Kinyume chake pia hutokea, na hapa huenda nikawaudhi wengine. Ukoo husema babu alikuwa mtoto wa chifu aliyejitolea kwa ushujaa. Daftari linaonyesha kijana aliyetolewa na chifu kwa sababu hakuwa na wa kumtetea. Usiharakishe kuamua nani mwongo. Aliyepelekwa kwa jina la mtu mwingine huenda alirudi nalo, akaoa nalo, akazaa nalo, na wote wanaolitumia leo ni wajukuu halali wa mtu ambaye jeshi halikumjua. Namba husaidia hapa kuliko kitu kingine chochote, kwani huufuata mwili ule ule tangu meza ya uandikishaji hadi dirisha la pensheni, jina liwe lolote. Vipimo vya vinasaba havitaamua jambo hili. Vitakuonyesha jamaa wa damu, lakini haviwezi kukwambia nani alisimama mbele ya karani mwaka 1915.

Kundi moja linatoka nje ya kanuni yangu. Wenyeji wa miji minne ya Senegal, yaani Saint-Louis, Gorée, Rufisque na Dakar, kwa sheria za 1915 na 1916 zilizopiganiwa na mbunge Blaise Diagne, walitumikia kama raia wa Ufaransa, katika vikosi vya kawaida na si vya tirailleurs. Kwao jina na tarehe ya kuzaliwa huaminika zaidi, kwa kuwa usajili wa raia ulikuwepo.

Kwa wasomaji wa pwani yetu, njia inayohusu zaidi ni ya Komoro. Mwaka 1912 visiwa hivyo viliwekwa kisheria chini ya Madagaska, kwa hiyo askari wa Ngazidja au Nzwani hutafutwa kwanza miongoni mwa vikosi vya Malgaches, na mahali pake pa kuzaliwa pataandikwa Grande Comore au Anjouan. Batalioni ya 12 ya Malgaches ilipigana Chemin des Dames. Wala usiamini kabila lililo kwenye jina la kikosi: batalioni iliyoitwa ya Wasomali, ambayo kompania zake mbili zilishiriki kuitwaa tena ngome ya Douaumont tarehe 24 Oktoba 1916, iliundwa Majunga, Madagaska. Mkomoro hubeba jina lake na la baba yake; karani alichukua lolote kati ya hayo mawili na kulifanya la ukoo, hivyo jaribu mpangilio wote, pamoja na "ben" na bila "ben". Nyaraka za utawala wa Madagaska zimegawanyika kati ya Antananarivo na hifadhi ya makoloni ya Aix-en-Provence, wakati zile za shirikisho la Afrika Magharibi zilibaki Dakar. Na ikiwa babu wa Mombasa au Tanga alisimulia kwamba alipigana na Wafaransa huko Madagaska mwaka 1942, huyo alikuwa wa King's African Rifles (KAR), upande wa Waingereza, na majalada yake ni ya Waingereza.

Ukiwa tayari kuandika barua Pau, iandike kwa Kifaransa, fupi. Taja namba ya usajili juu kabisa, kisha kikosi, mwaka na mahali pa kuandikishwa, na jina kwa tahajia zote ulizokusanya. Sema wewe ni nani kwake. Jalada la kawaida hufunguliwa miaka 50 baada ya waraka wake wa mwisho. Habari za matibabu husubiri miaka 25 baada ya kifo, au 120 tangu kuzaliwa ikiwa tarehe ya kifo haijulikani. Usiombe "habari zote za babu yangu", kwa sababu mtunza nyaraka hawezi kutafuta ombi la namna hiyo. Omba jalada moja kwa namba moja, na omba nakala ya pande zote mbili za kila karatasi, kwani uhamisho wa kikosi kimoja hadi kingine, pamoja na namba mpya iliyotolewa huko, makarani walizoea kuuandika kwa penseli nyuma.